Vumbi la Kazi na Jina la Ugonjwa

Pamoja na hesabu na taarifa za mwaka, tumeona vema kuwapa wanachama wetu kurasa chache za historia. Twataka kueleza asili ya majina matatu ambayo mfanyakazi wa Thika au Ruiru aweza kuyasikia kwa daktari, akatoka nayo mlangoni pasipo kujua maana yake: nimokoniosisi, silikosisi na bisinosisi.

Hapa kwetu maradhi yote ya kukohoa hukusanywa katika neno moja. Mtu husemwa kwamba "ana kifua", na yatosha. Neno hilo latufaa tunapojuliana hali, lakini halielezi maradhi yalitoka wapi. Na huko yalikotoka ndiko huamua kama mgonjwa atarudi kwao mikono mitupu ama atalipwa haki yake.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapa kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi. Aliandika habari za wachonga mawe, na za wale wachambuao kitani. Akawahimiza matabibu wenzake waongeze swali moja mbele ya mgonjwa: kazi yako ni ipi?

Majina yalikuja baadaye. Mwaka 1867 Mjerumani Friedrich Albert Zenker aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani, lenye maana ya pafu na lenye maana ya vumbi. Ndiyo asili ya nimokoniosisi. Hilo ni kama jina la ukoo, nalo lina maana ya ugonjwa wa vumbi lililokaa mapafuni. Mwaka 1870 Mwitalia Achille Visconti alitoa jina silikosisi, kutokana na neno la Kilatini la jiwe gumegume. Mwaka 1877 Mfaransa Adrien Proust alitoa bisinosisi, kutokana na neno la Kiyunani la kitani. Hata wapenzi wa mafumbo huko Marekani walitunga, mwaka 1935, neno la herufi 45 lililoingia katika kamusi. Nalo lataja silikosisi ile ile. Urefu wa jina haumpunguzii mgonjwa kikohozi.

Majina haya yanatuhusuje? Reli ilifika Thika mwaka 1913, na nchi iliyoizunguka ikawa ya mashamba ya katani na kahawa, kisha ya viwanda. Majani ya katani hukamuliwa, nyuzi huanikwa, halafu hupigwa brashi kabla ya kusokotwa kamba au kufumwa magunia. Na hapo penye brashi ndipo vumbi huwa jingi. Katika machimbo ya Ruiru, Juja na Ndarugu watu wamechonga kwa nyundo na tindo mawe ya volkano yaliyojenga nyumba nyingi za Nairobi. Hivyo vumbi la nyuzi na vumbi la mawe yote mawili yamekaa nasi, wala hayatendi kazi moja.

Vumbi la mawe lenye silika huingia likiwa jembamba hata jicho halilioni. Huacha makovu katika mapafu, na mara nyingi dalili hujitokeza baada ya miaka mingi. Makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa, tena humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Vumbi la nyuzi lina desturi nyingine. Kifua hubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha hulegea kadiri juma liendeleavyo. Mtu husema ni uchovu wa Jumatatu. Asipoondolewa mapema katika vumbi, kubana huko huwa kwa siku zote.

Wataalamu wenyewe hawakuafikiana upesi kama katani humdhuru mtu sawasawa na pamba. Mwaka 1958 daktari H. Stott, aliyefanya kazi Kenya, alichapa makala juu ya maradhi ya mapafu ya wafanyakazi wa katani. Mwaka 1962 yeye na wenzake, akina Gilson na Schilling, walichapa uchunguzi juu ya vumbi la pamba, katani na juti. Mwaka 1978 yakatoka matokeo ya uchunguzi wa viwanda vya katani Tanzania, ambamo dalili za bisinosisi zilionekana, hasa kwa watu wa brashi.

Nguvu ya jina huonekana katika sheria. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1925 juu ya fidia ya magonjwa ya kazi ulitaja sumu ya risasi, sumu ya zebaki na kimeta. Wachimbaji wenye silikosisi hawakutajwa. Baada ya mkutano wa wataalamu huko Johannesburg mwaka 1930, mkataba wa mwaka 1934 uliiongeza. Mapafu yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni orodha. Hapa Kenya sheria ya fidia ya mwaka 2007 humhesabia mfanyakazi ugonjwa uliotokana na kazi, si ajali peke yake.

Kwa hiyo twawausia wanachama. Uendapo kwa daktari, usiseme tu kwamba una kifua. Taja kazi yako, miaka uliyoifanya, na vumbi ulilolivuta. Omba jina la ugonjwa liandikwe, na karatasi uitunze. Nao wenye kazi yawapasa kulowesha mawe kwa maji na kuweka mitambo ya kufyonza vumbi, kwani kitambaa cha puani hakizuii lile lililo jembamba. Aliyekwisha kufa hawezi tena kuulizwa kazi yake. Na mjane aliyeachiwa cheti chenye neno "kifua" hana la kuonyesha.