Ganzi za Vidole na Kusahausahau: Historia Fupi ya Dawa ya Saratani ya Matiti

Leo tunazungumza na mama anayetibiwa saratani ya matiti, na pia na wewe unayemuuguza, uwe binti, dada, mume au jirani.

Kina mama wengi huanza kemotherapia wakiwa wameambiwa habari ya kutapika na kunyonyoka nywele. Lakini baada ya dripu kadhaa, huja mambo ambayo hawakuyatarajia. Vidole vya miguu vinakufa ganzi. Nyayo zinawaka kama zimekanyaga makaa. Vifungo vya blauzi vinakataa kufungika. Mama anaingia jikoni na kusahau alichofuata. Watu wengine husema amerogwa. Wengine husema saratani imepanda kichwani. Naye hunyamaza, akiogopa kwamba akisema, dawa itasimamishwa.

Mama, jambo hili lina historia. Ukiijua, utaona kwamba wewe si wa kwanza, na kwamba kunyamaza hakukusaidii.

Dawa iliyotoka kwenye gome la mti

Mnamo Agosti 1962, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, Arthur Barclay, alikusanya magome ya mti uitwao yew katika msitu wa jimbo la Washington, magharibi mwa nchi hiyo. Wakati huo Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa ikipima maelfu ya mimea, ikitafuta inayoweza kuua chembe za saratani.

Magome hayo yalifikia wanakemia wawili katika jimbo la North Carolina, Monroe Wall na Mansukh Wani, ambaye alizaliwa India. Walitoa ndani yake dawa waliyoiita taxol, na mwaka 1971 wakatangaza jinsi ilivyoundwa. Leo jina lake hospitalini ni paklitakseli. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutumiwa pia hapa kwetu Kenya.

Mwaka 1979 mwanasayansi Susan Horwitz na wenzake wa New York walieleza namna dawa hii inavyofanya kazi. Chembe za mwili zina vijibomba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Chembe inapotaka kugawanyika kuwa mbili, hujenga vijibomba hivyo na kisha kuvibomoa. Paklitakseli huvikaza visibomoke. Chembe ya saratani, ambayo hugawanyika ovyo, hukwama katikati ya kazi hiyo na kufa.

Majaribio kwa wagonjwa yalianza mwaka 1984. Mwanzoni baadhi ya wagonjwa walipatwa na mzio mkali, na kazi ikakaribia kuachwa. Madaktari wakajifunza kupitisha dripu polepole na kutanguliza dawa za kuzuia mzio. Ndiyo sababu hata leo mama hupewa dawa nyingine kabla ya dripu yenyewe.

Tatizo hilo lilipotulia, likaonekana lingine. Wagonjwa walisema kwamba vidole vinawachomachoma kama sindano, na kwamba hawahisi sakafu wanapotembea. Mwaka 1989 madaktari wa New York waliandika wazi kwamba dawa hii hudhuru mishipa ya fahamu, hasa ile inayopeleka hisia. Kwa hiyo ilipokubaliwa Marekani kwa saratani ya matiti mwaka 1994, habari ya ganzi ilikuwa tayari inajulikana kwa madaktari. Si uchawi, wala si uvivu wa mgonjwa.

Kwa nini vidole kwanza?

Mishipa ya fahamu nayo ina vijibomba vile vile. Yenyewe haivitumii kugawanyika, bali huvitumia kama barabara ya kupelekea chakula kutoka karibu na uti wa mgongo mpaka kwenye ncha za vidole. Dawa ikivikaza, usafiri unaharibika. Mama anayechota maji ya mfereji analijua jambo hili: maji yakipungua, nyumba iliyo mwisho kabisa wa bomba ndiyo hukauka kwanza. Mshipa mrefu kuliko yote ni ule unaofika kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana ganzi huanzia huko, kisha hufuata vidole vya mikono, na kwa kawaida huja pande zote mbili sawasawa.

Si dawa zote za saratani ya matiti zinazoleta ganzi hii kwa wingi. Muulize daktari jina la dawa unayopewa. Ikiwa ni paklitakseli au ndugu yake dosetakseli, jiandae kuangalia mikono na miguu yako. Mwambie pia kama una kisukari, au unatumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi, maana mishipa yako huenda tayari ina udhaifu.

Faida na hasara kwenye mizani

Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa Marekani. Wanawake waliopata paklitakseli kila wiki baada ya upasuaji waliishi vizuri zaidi kuliko waliopewa kila baada ya wiki 3. Lakini asilimia 27 kati yao walipata madhara ya mishipa ya kiwango cha kati au zaidi, wakati kwa wenzao ilikuwa asilimia 20.

Hapa ndipo sauti yako inapohitajika. Ganzi haionekani kwenye picha wala kwenye kipimo cha damu. Daktari huijua kwa kukusikia wewe ukisema. Akijua mapema, anaweza kupunguza kipimo, kuahirisha dripu moja au kubadilisha dawa, na matibabu yakaendelea. Ukificha mpaka ushindwe kutembea, njia za kukusaidia zinapungua, na ganzi inaweza kubaki kwa miaka. Kwa wengi hupungua pole pole miezi kadhaa baada ya dawa kwisha.

Jihadhari na vidonge vinavyouzwa kama vya kuimarisha mishipa. Mwaka 2013 uchunguzi wa wanawake 409 waliotibiwa saratani ya matiti ulionyesha kwamba waliomeza kirutubisho kiitwacho asetili-karnitini walipata ganzi zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ikiwa kuna maumivu, ipo dawa iitwayo duloksetini ambayo daktari anaweza kukuandikia. Usijinunulie.

Na kusahau je?

Kwa miaka mingi wanawake walisema kwamba baada ya kemotherapia akili zao zilikuwa kama zimefunikwa na ukungu. Mara nyingi walijibiwa kwamba ni mawazo tu. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi waliwapima wanawake waliotibiwa saratani ya matiti. Udhaifu wa kukumbuka na kufikiri ulionekana kwa asilimia 32 ya waliopata kemotherapia ya kiwango kikubwa, asilimia 17 ya waliopata kiwango cha kawaida, na asilimia 9 ya wale ambao hawakupata kemotherapia.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Inaonyesha kwamba kina mama walisema kweli. Inaonyesha pia kwamba si kila usahaulifu unatoka kwenye dripu. Uchunguzi wa baadaye uliona udhaifu kwa baadhi ya wanawake hata kabla ya kuanza dawa. Hofu, kukosa usingizi, upungufu wa damu na uchovu navyo huchangia, na vingi kati ya hivyo vinatibika.

Nyumbani tufanye nini?

Pima maji ya kuoga, yako na ya mtoto, kwa kiwiko na si kwa vidole. Shika sufuria kwa kitambaa kinene. Usiote moto kwa miguu yenye ganzi. Vaa viatu vilivyofungwa, hata uani, na kila jioni kagua nyayo kama kuna kidonda au mwiba. Usiku washa taa kabla ya kuinuka, maana miguu isiyohisi sakafu huangusha.

Kwa kusahau, andika katika daftari, weka kengele ya simu kwa saa za dawa, na fanya jambo moja kwa wakati. Usiache chungu motoni ukaenda kufua. Lala vya kutosha na tembea kidogo kila siku ukiweza.

Na wewe mwuguzi wa nyumbani, usimcheke wala kumfokea. Nenda naye kliniki, kwa sababu anayesahau anaweza pia kusahau kueleza shida zake.

Zipo dalili ambazo hazingoji siku ya kliniki: degedege, kuumwa kichwa sana kusikokoma, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kuchanganyikiwa ghafla, maumivu makali ya mgongo pamoja na miguu kulegea, au kushindwa kuzuia mkojo au choo. Hizo ni za kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Ya kukumbuka

Ganzi na kusahau ni madhara yanayojulikana. Mweleze daktari au muuguzi kabla ya kila dripu, hata kama hajauliza. Usiache matibabu kwa uamuzi wako peke yako. Linda mikono na miguu dhidi ya moto na vidonda.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mama, sema mapema, usaidiwe mapema.