Jinsi RNA inavyomulikwa ndani ya seli hai

RNA ni molekuli ambayo, miongoni mwa kazi zake, hubeba maagizo ya urithi kutoka kwa DNA hadi mahali protini zinapotengenezwa. Yenyewe haing'ai. Kwa miaka mingi, mtafiti aliyetaka kujua ilipo ndani ya seli alilazimika kwanza kuiua seli hiyo kwa kemikali. Alipata picha moja tu. Safari ya molekuli hakuiona.

Taa iliyohitajika ilitoka baharini. Mnamo 1962, Osamu Shimomura na wenzake walieleza protini ya yavuyavu ambayo hutoa mwanga wa kijani inapomulikwa kwa mwanga wa samawati. Kazi hiyo ilimpa Shimomura Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2008, pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien.

Hata hivyo, protini hiyo haishikamani na RNA. Mnamo 1998, kundi la Robert Singer jijini New York lilieleza hila ya kuziunganisha. RNA hutiwa vifundo vinavyotambuliwa na protini ya MS2, virusi vinavyoshambulia bakteria. Kisha protini hiyo hubebeshwa taa ya yavuyavu. Kwa njia hiyo, RNA iitwayo ASH1 ilionekana katika seli hai za hamira ikielekea kwenye ncha ya seli changa inayochipuka.

Mnamo 2011, kundi la Samie Jaffrey, pia la New York, lilitangaza Spinach. Hii ni RNA iliyokunjwa kiasi cha kukumbatia kemikali iitwayo DFHBI, ambayo hung'aa inapokumbatiwa tu.

Lakini je, taa haibadilishi kile inachomulika? Mnamo 2015, watafiti walionya kwamba katika hamira, protini za MS2 huzuia RNA kuvunjwa ipasavyo, hivi kwamba mabaki yake huendelea kung'aa ilhali molekuli kamili imekwisha kutoweka. Mnamo 2018, maabara ya Singer ilitoa vifundo vipya vinavyoachilia protini kwa wepesi zaidi, ili RNA ivunjwe kama kawaida.

Ndiyo maana mbinu ya kale haijatupwa. Matokeo ya seli hai hulinganishwa na RNA isiyotiwa taa, iliyo ndani ya seli zilizouawa. Yakitofautiana, taa ndiyo hushukiwa kwanza.