Chupa za Guerlain na Watu wa Uzigua

Pierre-François-Pascal Guerlain alifungua duka lake la manukato Paris mwaka 1828, na tangu hapo historia ya nyumba hiyo imesimuliwa kwa chupa. Wakusanyaji wa chupa za kale wanazijua moja baada ya nyingine. Kuna ile ya nyuki 69, iliyotolewa na kiwanda cha kioo cha Pochet et du Courval mwaka 1853 kwa heshima ya Eugénie, mke wa Napoleon III. Kuna ile yenye kizibo cha mfano wa moyo uliopinduliwa, kazi ya Baccarat, iliyotiwa L'Heure Bleue mwaka 1912 na kisha Mitsouko mwaka 1919. Na kuna ya Shalimar, yenye kizibo cha buluu kilichotanda kama upepeo, iliyobuniwa na Raymond Guerlain na kupewa tuzo katika maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo mjini Paris mwaka 1925. Historia hiyo ni ya kweli, na ustadi uliomo unastahili sifa zote. Kasoro yake ni pale inapoanzia. Nasema kwamba msomaji wa Handeni au Korogwe ana haki ya kuisoma kama sehemu ya historia ya nchi yake, kwa sababu biashara iliyoyalisha manukato ya Ulaya malighafi ilikula watu wa Uzigua, eneo hilohilo la Handeni na Korogwe, kabla haijafika kwenye kioo.

Ushahidi uanzie ndani ya chupa. Mwaka 1889 Aimé Guerlain alitoa Jicky, mojawapo ya manukato ya kwanza yenye hadhi kuchanganya mafuta ya mimea na vitu vilivyotengenezwa maabara, vanilini ikiwa kimojawapo. Vanilini hiyo ndiyo harufu tamu ya vanila, harufu ambayo Shalimar yenyewe imesimama juu yake. Wanakemia wa Kijerumani waliitengeneza kwanza mwaka 1874 kutokana na utomvu wa misonobari, lakini kuanzia miaka ya 1890 watengenezaji waligeukia malighafi nyingine: eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Hali ilibaki hivyo hadi miaka ya 1930, masalia ya viwanda vya karatasi yalipoanza kuchukua nafasi yake. Kwa miaka kama 40, basi, utamu wa vanilini ya viwandani ulikuwa na mzizi wake katika mkarafuu, na katika miaka hiyo sehemu kubwa zaidi ya karafuu za dunia ilitoka Unguja na Pemba. Eujenoli ilikuwa na kazi nyingine pia: ndiyo iliyowapa watengenezaji manukato wa Paris harufu ya karnesheni, ua lenye nafasi yake katika L'Heure Bleue.

Mkarafuu haukuwa mti wetu wa asili, na hapa Ufaransa inaingia mapema kuliko duka la 1828. Pierre Poivre, msimamizi wa Kifaransa kisiwani Mauritius, ndiye aliyepata miche kutoka visiwa vya Maluku mnamo 1770 na kuvunja ukiritimba wa Waholanzi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mti ukafika Unguja kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi ambako Wafaransa waliupanda, na Sultani Sayyid Said akauhimiza kwa nguvu zake zote. Lakini shamba la karafuu halijiendeshi. Mti hungoja miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, kabla ua halijafunguka. Kisha hukonyolewa, makonyo yakatengwa na karafuu zikaanikwa juani. Msimu ukifika, mikono mingi hutakiwa kwa wakati mmoja, na mwaka mzima palizi haiishi. Mikono hiyo ilitafutwa bara.

Miaka ya 1830 Uzigua ilipatwa na ukame na njaa kali. Watu walijiweka rehani, au wakaweka watoto wao, kwa wenye chakula wa pwani, wakitumaini kukombolewa mvua zikirudi. Wengi hawakukombolewa. Walivushwa kutoka bandari za Mrima hadi Unguja, wakati uleule mashamba ya karafuu yalipokuwa yakipanuka kwa kasi, na wengine wakapelekwa Benadir, pwani ya Somalia, hadi kwenye bonde la mto Juba. Njaa peke yake haimfanyi mtu bidhaa. Lazima pawepo mnunuzi anayengoja upande wa pili wa maji, na mnunuzi huyo alikuwa mwenye mikarafuu. Bonde la mto Pangani, linalopita Korogwe na kushuka hadi pwani, likawa njia ya pembe na ya watu, na bunduki zilizorudi kwa njia hiyohiyo zikawafanya majirani wawindane kwa miongo kadhaa baadaye.

Naona pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza inasema hakuna anayeweza kuonyesha tone fulani katika chupa fulani lililotokana na jasho la Mzigua. Ni sawa, lakini hoja yangu inahusu soko, wala si tone. Karafuu za mashamba yote zilichanganywa magunia kwa magunia kabla ya kupakiwa, na bei nafuu iliyowavutia wanakemia ilijengwa na mfumo mzima. Miaka nayo ina ushahidi wake: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi Aprili 1897. Miaka ya mwanzo ya vanilini ya karafuu iliangukia ndani ya kipindi hicho.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Inasema manukato ni sanaa ya kuchanganya. Malighafi hubadilishwa, kama vile masalia ya karatasi yalivyoiondoa karafuu, na kinachobaki ni pua na akili ya fundi. Kuhusu sanaa nakubali kabisa: Jacques Guerlain, aliyetunga L'Heure Bleue, Mitsouko na Shalimar, alikuwa msanii wa hali ya juu. Lakini historia ya nyumba hiyo haiwataji wachanganyaji peke yao. Inawataja Baccarat na Pochet et du Courval, na hakuna anayesema kioo ni mchanga tu uliopitishwa motoni, hivyo waliokitengeneza wasahauliwe. Kama mpuliza kioo ana jina kwa sababu mkono wake unaonekana, mchumaji na mpaliliaji wanastahili angalau sentensi kwa sababu mkono wao unanuswa.

Korogwe iliyajua mambo haya kwa zao jingine. Reli kutoka Tanga ilifika mjini humo mwaka 1902, mkonge ukatanda Ngombezi, Magunga na Hale, na manamba wakaletwa kutoka mbali kuukata. Singa zilisafirishwa kwa marobota kwenda kuwa kamba ng'ambo, na kamba haina chupa ya kuwekwa makumbusho. Kwa hiyo hata historia ya wenye mashamba ni nyembamba, ya vibarua ndiyo usiseme. Pemba inajaribu njia tofauti: katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, mafuta yanatengenezwa kisiwani, ingawa sehemu kubwa ya thamani bado huongezeka mbali, pale mafuta yanapopewa jina.

Handeni ina ushahidi ulio hai. Vizazi vya Wazigua waliopelekwa Juba vilihifadhi lugha yao Somalia kwa zaidi ya karne moja na nusu. Baada ya vita kuzuka huko mwaka 1991 baadhi yao walirudi Tanzania kama wakimbizi, wakapokelewa katika kambi ya Mkuyu, baadaye wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na Serikali ikawafungulia njia ya uraia. Wao hawakuchuma karafuu. Mababu zao walitenganishwa na waliochuma kwa uamuzi wa mnunuzi tu, wakati njaa na rehani zilikuwa zilezile. Wazee wa Chogo wana masimulizi ya safari hiyo, na masimulizi hayo ni nyaraka za biashara ileile ambayo Guerlain imeihifadhi kwa kioo. Kuyarekodi kwa Kizigua chenyewe, kwa majina ya vijiji na ya bandari, ni kazi ya miaka hii, maana wanaoyajua kwa ukamilifu ni watu wazima sana.