Presha: historia fupi, na daftari la duka la dawa

Leo tunaweka programu kando kidogo, tuzungumze kuhusu presha ya damu.

Kipimo cha mkanda wa mkononi kilibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akaongeza kusikiliza mshipa kwa stethoskopu, na hapo zikapatikana namba mbili tunazozijua, ya juu na ya chini.

Hapa Kenya, mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kisii, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hakuona hata mmoja mwenye presha ya juu. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama kijijini kwenda Nairobi: presha ilipanda ndani ya miezi michache tu, na chumvi ilikuwa miongoni mwa sababu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ukakuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa.

Siku hizi mashine za betri zinapima zenyewe. Je, tatizo limekwisha? Hapana. Presha si namba moja, ni mfululizo, kama logi ya seva. Mama wa Kathiani akipimwa 170 leo, akanunua amlodipine ya wiki mbili, akajisikia vizuri na kuacha, hakuna kompyuta itakayopiga kelele. Taarifa italetwa na kiharusi.

Anayeweza kugundua mapema ni mfamasia wa pale mtaani, anayemwona mama huyo siku ya soko. Utafiti wa Los Angeles uliochapishwa mwaka 2018 uliwapeleka wafamasia kwenye vinyozi vya Wamarekani weusi, wakipanga dawa kwa makubaliano na madaktari. Baada ya miezi 6 namba ya juu ilishuka kwa 27. Kundi lililopata ushauri wa kinyozi tu lilishuka kwa 9.

Kwa hiyo nikiombwa kuandika programu ya Kathiani, nitaanza na jedwali moja, kwa ridhaa ya mgonjwa: jina, tarehe, namba mbili, siku dawa zinapoisha. Swali lake la kwanza: nani hakurudi?

Daftari la karatasi linaweza kujibu swali hilo kuanzia kesho. Programu itafuata.

Na wewe, ulipima lini mara ya mwisho?