Maharamia wa Omiš na mto uliowaficha

Mwaka 1221 Papa Honorius III aliitisha vita vya msalaba. Safari hii waliolengwa hawakuwa Waislamu wa Jerusalemu wala wa Misri. Walikuwa Wakristo, tena waumini wa kanisa lake mwenyewe, wakazi wa kimji kiitwacho Omiš kwenye pwani ya Dalmatia, nchini Kroatia ya leo. Kosa lao lilikuwa kuteka meli katika Bahari ya Adria, zikiwemo zilizobeba mahujaji na askari waliokuwa njiani kwenda Nchi Takatifu.

Anayeuona mji huo leo hushangaa uliwezaje kumnyima Papa usingizi. Uko kilomita 25 hivi kusini mashariki ya Split, umebanwa kati ya majabali na maji, na wakazi wake ni elfu sita tu. Mto Cetina huanzia chini ya milima ya Dinara, husafiri takriban kilomita 100, kisha hupasua mwamba na kutokea baharini hapo hapo mjini. Juu ya paa za nyumba kumesimama mnara wa Mirabela, na juu zaidi, mahali ambapo mpanda mlima hufika akihema, kuna ngome ya Starigrad. Mlinzi aliyekaa pale aliliona kila tanga lililopita kati ya bara na kisiwa cha Brač.

Jibu la fumbo ni mlango wa mto. Kina chake ni kifupi na una mchanga mwingi, na nyuma yake kuna korongo lenye kuta za mawe pande zote mbili. Maharamia walitumia mashua nyembamba, za chini, zenye makasia mengi, walizoziita kwa jina la mshale. Zilichomoka mtoni, zikafanya kazi yake, zikarudi. Merikebu kubwa za Venisi zilipozifukuza zilifika mlangoni zikasimama, kwa kuwa kuendelea kulikuwa kukwama. Simulizi za wenyeji zinaongeza kwamba chini ya maji kulijengwa ukuta wenye upenyo mmoja tu, unaojulikana na wenye mji.

Mabwana wa biashara hiyo walikuwa ukoo wa Kačić. Mwaka 1167 walifunga mkataba na mji wa Kotor, na mwaka 1180 wakafunga mwingine na Dubrovnik, wakiahidi kuacha meli za miji hiyo zipite kwa amani. Hapa ndipo ninapoona neno “haramia” linapwaya. Hakuna mji unaotuma wajumbe kuandikiana mkataba na mwizi wa njiani. Kačić walikuwa dola ndogo iliyoishi kwa kuuza usalama, na aliyekataa kuununua alijua kitakachompata. Venisi nayo ilitoza kila aliyepita kwenye bahari iliyoiita yake, ila wanahistoria wameiita himaya.

Vita vya Papa havikuwamaliza. Waliowaumiza zaidi ni majirani: mwaka 1240 watu wa Split walimshinda na kumkamata Osor Kačić, na kabla karne hiyo haijaisha mji ukawa mikononi mwa ukoo mwingine wenye nguvu, Šubić. Venisi ilisubiri mpaka mwaka 1444 kuuchukua Omiš, na ikakaa hadi dola yenyewe ilipoanguka mwaka 1797.

Ng’ambo ya pili ya mto hadithi ni nyingine. Huko kulikuwa na Poljica, jumuiya ya wakulima na wafugaji wa milimani waliojichagulia mkuu wao na kujitawala kwa sheria zilizoandikwa mwaka 1440. Walidumu hivyo hadi Wafaransa wa Napoleon walipoifuta mwaka 1807. Shujaa wao ni Mila Gojsalić, msichana ambaye masimulizi yanasema alijitoa mhanga kwa kulipua baruti za kambi ya Waturuki. Sanamu yake, kazi ya Ivan Meštrović, inatazama mlango wa Cetina kutoka juu ya genge. Upande huo huo, mtaani Priko, kuna kanisa dogo la Mtakatifu Petro lenye umri wa karibu miaka elfu moja. Mwaka 1750 pembeni yake ilifunguliwa seminari ya kuwafundisha mapadre wa vijijini, waliosoma misa kwa Kislavoni badala ya Kilatini.

Karne ya 20 iliutafutia mto kazi mpya. Mwaka 1912 kituo cha umeme cha Kraljevac kilianza kufanya kazi kwenye maporomoko ya Gubavica. Mwaka 1961 kikafuata kile cha Zakučac, kikubwa kuliko vyote vya nguvu za maji nchini. Maji huchotwa kwenye bwawa la Prančevići, yakapitishwa ndani ya mlima kwa mahandaki ya karibu kilomita 10, yakaangushwa kama mita 250 hadi kwenye mitambo iliyo jirani na mji. Korongoni hubaki maji machache, na ndimo watalii wa siku hizi hupiga makasia kwenye maboti ya mpira, wakiishia kwenye vinu vya zamani vya Radman, ambavyo sasa ni mgahawa.

Utalii ndio unaolisha mji. Kila Agosti vita vya maharamia huigizwa bandarini, kwa mioto na kelele nyingi kuliko historia. Mimi ningechagua Julai, msimu wa tamasha la klapa lililoanza mwaka 1967. Klapa ni kikundi cha waimbaji, kwa desturi wanaume, wanaosimama nusu duara na kuimba kwa sauti zinazopandana, bila ala. UNESCO iliutambua uimbaji huo mwaka 2012. Njaa ikiuma kuna soparnik ya Poljica, mkate mpana uliojazwa vitunguu na mboga ile ile tunayouziwa sokoni kwetu kwa jina la spinachi. Huokwa juu ya jiko la mawe na kufunikwa kwa makaa, kisha hupakwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Tangu mwaka 2016 jina lake linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, na wanaoruhusiwa kulitumia ni wapishi wa eneo hilo.