Kutoka Taarifa ya Siri hadi OPRAS: Muuguzi na Mizani ya Utendaji

Kabla ya mwaka 2004, muuguzi wa hospitali ya serikali nchini Tanzania alipimwa pasipo kushirikishwa. Mkuu wake wa kazi aliandika taarifa ya siri ya mwaka, nayo ikahifadhiwa kwenye jalada. Aliyeandikwa hakujua kilichoandikwa. Mazingira hayo yalimfundisha mtumishi jambo moja tu: kumridhisha mkubwa wake.

Kwa hiyo ujio wa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, maarufu kama OPRAS, haukuwa jambo dogo. Ulianzishwa mwaka 2004, miaka miwili baada ya kutungwa Sheria ya Utumishi wa Umma. Mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kuketi pamoja, kukubaliana malengo, kuyapitia katikati ya mwaka, na mwezi Juni kila mmoja kutoa alama yake, kuanzia 1 kwa utendaji bora hadi 5 kwa utendaji duni, kisha kuafikiana alama moja. Kwenye karatasi, mtumishi alirejeshewa heshima yake.

Wodini mambo yalikuwa mengine. Karani aweza kuahidi idadi ya majalada atakayoshughulikia; mkunga ataahidi nini? Mwezi Julai hajui ni wajawazito wangapi watafika usiku mmoja wa Januari, wala kama glavu zitakuwapo. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima peke yake, kukapambazuka bila kumpoteza mgonjwa hata mmoja, hana mahali katika fomu pa kuliandika hilo.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wahudumu wa afya wa vijijini nchini ulionyesha kwamba hawakuiona OPRAS ikiwaletea kipato wala mrejesho. Lakini wahudumu hao hao waliutazama kwa matumaini makubwa mpango wa malipo kwa ufanisi, ambao majaribio yake yalianza mkoani Pwani mwaka 2011. Hapo ndipo watunga sera wetu hupita haraka mno. Mhudumu hakuchukia kupimwa; alichoshwa na kipimo kisichojibiwa.

Kisha ukaja mwaka 2016. Serikali ilisimamisha upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa, lakini fomu ziliendelea kudaiwa. (Nami nilijaza yangu kwa kunakili malengo ya mwaka uliotangulia, sina sababu ya kujitoa katika lawama.) Alama njema isiyofungua mlango wowote humvunja moyo mtendaji hodari kuliko mzembe, kwa kuwa mzembe hakuitarajia.

Tangu mwaka wa fedha 2023/24 karatasi zinaupisha mfumo wa kidijitali, PEPMIS. Muuguzi amalizapo zamu huingiza kazi zake mtandaoni. Je, msimamizi wake amepangiwa saa ngapi kwa wiki za kuzisoma na kuzungumza naye?