Kopa, Taka na Watu wa Ol Njorowa

Mwaka 1991 wachoraji na watunzi kadhaa wa kampuni ya Disney walisafiri kutoka Marekani hadi Mbuga ya Wanyama ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha. Alikuwamo Roger Allers, mmoja wa waongozaji wawili wa filamu waliyokuwa wakiiandaa. Alikuwamo Don Hahn, mtayarishaji wake, na Brenda Chapman, aliyesimamia kazi ya kuijenga hadithi. Walitaka kuiona nchi kabla ya kuichora. Filamu hiyo, The Lion King, ilianza kuonyeshwa Juni 1994, na hadi leo waongoza wageni wa Naivasha hunyoosha kidole kuelekea jabali na kusema: mfalme simba Mufasa alisimama pale.

Majabali yanayodai sifa hiyo si moja. Borana, kule Laikipia, wanalo lao, na Serengeti nao hawajanyamaza. Ubishi huo haunikeri hata kidogo. Watu hawagombei jiwe la hadithi mpaka hadithi yenyewe iwe imewaingia moyoni.

Cha kushangaza ni kwamba Hell's Gate ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kukodi baiskeli na kupita katikati ya pundamilia, twiga na nyati, kwa sababu simba ni nadra mno kuonekana humo. Mbuga ni ndogo, kilomita za mraba 68 hivi, na ilitangazwa rasmi mwaka 1984. Lango lake kuu linaitwa Elsa, jina la simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson. Elsa hakuzaliwa Naivasha wala hakuzikwa huko. Maisha yake yalikuwa kaskazini, upande wa Isiolo na Meru. Joy Adamson ndiye aliyehamia Naivasha baadaye, akafanya makazi yake Elsamere kando ya ziwa. Kitabu chake, Born Free, kilitoka mwaka 1960, filamu yake ikafuata mwaka 1966, na wasomaji wa nchi nyingi wakampenda mnyama ambaye hawakuwahi kumwona. Basi simba wa Hell's Gate waliingia kwa njia ya vitabu na sinema, na wameingia mara mbili.

Makala nyingi za utalii huishia hapo, kwenye jabali. Historia ninayotaka kuisimulia inaanzia pale wachoraji walipokwisha kufunga kazi yao na watazamaji wakakataa kuondoka.

Intaneti ilikuwa changa mwaka 1994. Watu waliokuwa na kompyuta vyuoni na maofisini, wengi wao Marekani na Ulaya, walianza kuandikiana kuhusu filamu hiyo. Mwanzoni walijadili michoro na nyimbo. Muda si mrefu wakaanza kuandika hadithi zao wenyewe: Mufasa alikuwa mtoto wa namna gani? Scar, ndugu yake, alipataje kovu? Sarabi, mkewe, aliishije miaka yote ambayo mwanawe Simba alidhaniwa amekufa? Wamarekani wawili, John Burkitt na David Morris, waliandika mfululizo mrefu ulioitwa Chronicles of the Pride Lands, wenye koo, imani na mila ambazo Disney haikuzifikiria. Hakuna aliyewalipa. Mashabiki wengine walizisoma hadithi hizo kama vitabu halali na wakaanza kuandika zao juu yake, tabaka juu ya tabaka.

Kila aliyeandika alihitaji majina, na filamu ilikuwa imeshaonyesha majina yatoke wapi. Ndiyo maana vijana wa nchi za mbali, ambao hawakuwahi kusikia Kiswahili kikizungumzwa stendi ya Nakuru, walipekua kamusi za Kiswahili usiku kucha wakimtafutia mwanasimba jina linalomfaa. Majina mengine waliyookota hakuna mzazi wa huku angempa mtoto wake. Hata hivyo mimi nawaheshimu. Kuna heshima katika kufungua kamusi ya lugha ya watu kwa ajili ya mapenzi tu, bila mtihani na bila mshahara.

Mfano bora wa kazi yao ni Kopa. Mwisho wa filamu ya 1994, nyani Rafiki anamnyanyua mwanasimba mchanga, mtoto wa Simba na Nala. Mwaka huohuo vilitolewa vitabu sita vya watoto vilivyoendeleza kisa, na humo mtoto huyo ni wa kiume, anaitwa Kopa. Mwaka 1998 ikatoka filamu ya pili, Simba's Pride, na mtoto anayenyanyuliwa sasa ni wa kike, Kiara. Kopa hatajwi. Hakufa, hakupotea, hakufukuzwa. Ni kama hakuzaliwa kamwe.

Shabiki hawezi kulala na pengo kama hilo. Zikaandikwa hadithi nyingi kueleza yaliyompata. Iliyoenea zaidi inadai kwamba Zira, simba jike mfuasi wa Scar, alimuua Kopa, na kwamba hiyo ndiyo sababu Simba alimfukuza yeye na kundi lake. Filamu haisemi hivyo popote. Lakini ukiitazama ukiwa na dhana hiyo kichwani, hofu ya Simba kwa binti yake na ukali wake kwa waliofukuzwa vinaeleweka zaidi kuliko alivyoviacha mtunzi. Hapo ndipo hadithi ya shabiki hufika kiwango chake cha juu kabisa: inasoma kwa makini kuliko aliyeandika.

Taka ni kisa kingine. Kimoja cha vitabu vile sita, kilichoandikwa na Alex Simmons, kinasema kwamba kabla ya kovu Scar aliitwa Taka, na baba yake na Mufasa aliitwa Ahadi. Kwa sisi, taka ni kile kinachopelekwa jaani Gioto, Nakuru, na ni vigumu kumwonea mfalme mtarajiwa huruma akiitwa hivyo. Mashabiki walilichukua jina hilo wakalitunza miaka 30, katika maelfu ya kurasa, wakati Disney yenyewe ilikuwa kimya. Desemba 2024 ilipotoka filamu ya Mufasa, iliyoongozwa na Barry Jenkins, Scar kijana aliitwa Taka. Ahadi hakuwamo, filamu hiyo inampa Taka baba mwingine, Obasi, na Mufasa si ndugu yake wa damu. Jina moja lilirudi nyumbani, ukoo mzima ukabaki mikononi mwa mashabiki. Kopa naye bado hajulikani aliko.

Ushabiki wa aina hii ulikuwapo kabla ya simba, na Kiswahili kilikuwapo tangu siku za awali. Hadithi za mashabiki kama zinavyojulikana leo zilishika kasi kupitia tamthilia ya televisheni ya Star Trek. Usiku wa kwanza ilipoonyeshwa Marekani, Septemba 1966, Luteni Uhura alisikika akizungumza Kiswahili ndani ya chombo cha angani. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, ya mwaka 1962, inayohusu Kenya, na jina la mhusika wake likachotwa humo. Mwaka uliofuata, 1967, mashabiki walitoa Spockanalia, jarida walilolichapa wenyewe, lenye hadithi na makala juu ya ulimwengu ule. Majarida ya namna hiyo yalisafiri kwa posta, mkono kwa mkono, miaka mingi kabla ya kompyuta. Mtandao wa FanFiction.Net ulianza mwaka 1998, na Archive of Our Own, hifadhi inayoendeshwa na mashabiki wenyewe, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2009. Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilitunukiwa tuzo ya Hugo, mojawapo ya tuzo kubwa za fasihi ya bunilizi ya kisayansi.

Afrika Mashariki haikungoja mitandao hiyo. Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar aliwasoma wapelelezi wa Kiingereza akawapenda, kisha akatuundia Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni. Anayemjua Sherlock Holmes humtambua mara moja. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ukachapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1960. Wataalamu huita kazi hiyo mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili, na ndivyo ilivyo. Mimi naongeza kwamba ni kazi ya msomaji aliyependa mpaka akashindwa kukaa na kitabu cha watu mikononi bila kuandika chake. Huwezi kumrudisha Bwana Msa Baker Street kwa Holmes. Amekuwa Mzanzibari wa damu.

Huku kwetu bara kazi hiyo ilifanywa na sauti zaidi ya kalamu. Katika vibanda vya video vya mitaa ya Kenya, James Muigai, anayejulikana zaidi kama DJ Afro, alichukua filamu za kigeni akazisimulia upya kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Anaeleza, anatania, anamkaripia adui, anaongeza mazungumzo ambayo hayakuwamo. Kuna watu wazima Nakuru ambao filamu fulani wanaijua kwa maneno yake tu, na wakiisikia kwa Kiingereza wanaona imepunguka. Anayedhani hiyo ni tafsiri hajakaa kibandani Jumamosi mchana.

Kalamu nayo ilikuwapo, ila mafichoni. Waliosoma shule za bweni za Bonde la Ufa wanayajua madaftari ya kurasa 200 yaliyozunguka bwenini baada ya saa za masomo, yenye mapenzi na mapigano yaliyoazimwa kutoka riwaya na filamu za wakati huo, kila msomaji akidai sura inayofuata. Mwalimu akilipata daftari, linakwenda jikoni kuwashia moto. Na mwalimu huyohuyo, asubuhi, huandika ubaoni: tunga kisa kitakachoanza kwa maneno haya. Mtihani wa Insha wa kidato cha nne umekuwa ukiwapa watahiniwa sentensi ya mtu mwingine na kuwataka waiendeleze. Sioni tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili, isipokuwa ile ya daftari ilikuwa na wasomaji waliongoja.

Kwa hiyo swali langu si kama kijana wa Naivasha au Gilgil anaweza kuandika hadithi ya shabiki. Anaweza, na wengi wanaandika kwenye simu zao, mara nyingi kwa Kiingereza, kuhusu waimbaji wa Korea na wahusika wa katuni za Japani. Swali ni kwa nini dunia iliyochorwa kutokana na majabali ya nyumbani kwake aiache iandikwe na wa mbali peke yao, hali ina pengo kubwa kuliko la Kopa.

The Lion King haina binadamu hata mmoja. Nchi yote ile, maji, malisho na korongo, ni ya wanyama. Lakini korongo la Hell's Gate lina jina la Kimaasai, Ol Njorowa, na halikupewa na pundamilia. Mnamo Agosti 1904, hapo hapo Naivasha, serikali ya kikoloni iliandikiana mkataba na viongozi wa Wamaasai ambao uliwaondoa katika malisho ya kati ya Bonde la Ufa ili walowezi wapate ardhi. Sehemu kubwa yao walihamishiwa Laikipia. Mkataba wa 1911 ukawatoa Laikipia pia, wakaswagwa kusini pamoja na mifugo yao. Sasa yatazame tena majabali mawili kati ya yale yanayogombea kuwa kiti cha Mufasa, moja Naivasha, jingine Laikipia. Yote mawili yamo katika nchi ambazo watu walifukuzwa, moja baada ya nyingine. Na kisa cha filamu, tukikivua ngozi ya simba, ni cha mwenye nchi aliyefukuzwa akiwa mdogo na akarudi akaikuta imeharibiwa.

Historia hiyo haijafungwa. Umeme wa mvuke wa Olkaria ulianza kuzalishwa mwaka 1981, na mabomba yake yanapita ndani na kando ya mbuga. Mwaka 2014, kwa ajili ya mtambo wa Olkaria IV, kampuni ya KenGen ilihamisha familia za vijiji vinne vya Wamaasai hadi makazi mapya yaitwayo RAPland. Malalamiko ya baadhi yao kuhusu uhamisho huo yalifikishwa Benki ya Dunia mwaka huohuo.

Kuna mtu atakayeandika haya. Atawachukua Kopa, Zira na Taka kama mashabiki wengine walivyowachukua, kisha awape majirani: mama anayechota maji, mchungaji anayejua simba anapita wapi ingawa mgeni wa baiskeli hamwoni, fundi wa bomba anayetoka zamu ya usiku. Hatahitaji kamusi kutafuta majina yao. Ningependa kalamu hiyo itoke Suswa, Maai Mahiu, Gilgil au Kaptembwa, iandike kwa Kiswahili, na sura yake ya kwanza nitaisoma siku itakapotoka.